Aliyegonga Sufuria

Rafila alikuwa akiiogopa sufuria yake mwenyewe. Jambo kama hilo humwambii mtu, maana watasema jua la mlimani limemchemsha ubongo, kwa hiyo alilimeza kimya kimya. Lakini kila adhuhuri, jua likifika juu ya ule msonobari uliokatika kichwa, ilimbidi aishushe ile sufuria kuukuu kutoka kwenye msumari wa nguzo ya nje, ashike mwiko, aigonge: tang, tang, tang.

Zamani haikuwa hivyo. Sufuria ilikuwa wito wa mbwa, basi. Ukishakamua kondoo na kugandisha jibini, yanabaki yale maji ya maziwa, na hayo ndiyo chakula cha mbwa pamoja na ukoko wa ugali wa njano. Unagonga, mbwa wote saba wanaacha kondoo huko malishoni na kuteremka mbio hadi kwenye hori lililo mbele ya kibanda. Huwezi kuacha kuwasikia. Sheria ya misitu inataka kila mbwa wa zizini avishwe kigogo shingoni, kipande cha mti kinachoning'inia mpaka magotini, asije akawakimbiza paa. Kwa hiyo mbwa wa mlimani hakimbii kimya. Kok-kok-kok-kok, magogo na magoti, utadhani maseremala saba wanakuja kudai kazi.

Sasa sikiliza. Wiki ya kwanza ya Julai, Rafila aligonga sufuria Jumanne, mbwa wakaja, na huko juu kondoo mmoja akatoweka. Alhamisi vivyo hivyo. Jumamosi vivyo hivyo, na safari hii Ilarie, mchungaji wao wa kuajiriwa, alimwona mwizi kwa macho yake. Aliteremka akiwa mweupe kama hilo jibini, akakaa kwenye kigoda, akakataa hata palinka, pombe yetu kali ya matunda.

"Mzee Martini," alisema.

Nanyi mnajua ninamsema nani. Yule mkubwa wa manyoya ya kahawia, mpenda asali, alalaye kipupwe kizima na kusimama kwa miguu miwili kama binadamu. Ana jina lake, lakini kwetu Karpati jina hilo halitamkwi mlimani. Ukimtaja umemwita. Mtu akimwona husema Mzee Martini, na kila mtu anaelewa, na hata mimi ninayewasimulia sitakuwa wa kwanza kuvunja mwiko.

"Basi kachukua kondoo," alisema Toader, mume wa Rafila. "Ndiyo kazi yake. Wewe kazi yako ilikuwa kupiga kelele."

"Mjomba, hukuelewa. Hakuwatazama kondoo. Alinitazama mimi kwanza. Akaniangalia mikono, akaona nina fimbo tu, ndipo akachagua kondoo. Akachagua aliyenona, kama mtu aliye gulioni."

Kesho yake Ilarie alifunga virago. Binamu yake alikuwa Uhispania akichuma stroberi, alisema, na stroberi haimtazami mtu mikononi. Wakabaki wawili: Rafila wa jibini, na Toader mwenye mguu uliovunjwa na gogo mwaka uliotangulia, ukaunga vibaya kama mguu wa meza iliyotengenezwa na mlevi. Hakuweza kukimbia. Hata kutembea alitembea kwa fimbo, tok, halafu mguu, tok, halafu mguu. Na sasa huyo ndiye aliyepanda na kondoo mia tatu wa watu kila asubuhi hadi Uwanda wa Juu, mwendo wa robo saa kutoka kibandani, akiwa na shoka mkandani na mbwa saba. Rafila akawa haogopi tena kupoteza kondoo. Alikuwa akiogopa kumpoteza Toader, na hofu hiyo alilala nayo akaamka nayo.

"Tuteremke," alimwambia.

"Kabla ya sikukuu ya Mtakatifu Dumitru ya Oktoba? Julai hii?" Toader alimtazama kana kwamba amemwambia avae sketi. "Kijiji kizima kitaniita mchungaji wa kuku. Hakuna atakayenipa tena hata kondoo kilema."

"Kilema kwa kilema mngeelewana."

Alicheka, maana Toader alikuwa mtu wa kucheka, na maneno yakaishia hapo.

Rafila alikuwa na wazo lililokuwa likimkereketa. Jumatatu hakungoja adhuhuri. Aligonga sufuria saa nne asubuhi. Mbwa wakaja, na saa nne hiyo hiyo kondoo wa nne akaenda. Basi si saa. Si jua. Ni sufuria.

"Anaisikiliza, Toader. Anajua nikigonga, mbwa hawako."

"Mnyama?"

"Mnyama."

Toader alijikuna kidevu. "Watu husema akili ni nywele, kila mtu ana zake. Huyo ana manyoya mwili mzima, hesabu mwenyewe." Lakini safari hii hakucheka.

Siku hiyo hiyo ndipo alipofika Dokta Olimpia kutoka mji wa Kluji, msichana wa miaka thelathini hivi, viatu vizuri, mkoba mkubwa kuliko yeye. Kazi yake ilikuwa kuwachunguza wanyama wanavyofikiri. Alikuwa amefunga kamera ndogo kwenye miti tangu majira ya kuchipua, akaja kuzikusanya. Rafila alimkaribisha maziwa ya mgando, na yule mwanakondoo Pufu, aliyekuwa amelelewa kwa chupa baada ya mamaye kufa, akaja kumnusa viatu. Pufu hakujua kuwa ni kondoo. Alilala jikoni, akamfuata Rafila kila mahali, na akifungiwa nje alilia hadi afunguliwe.

"Shangazi," Dokta alisema, "hapa kwenye picha kuna du—"

Rafila alimziba mdomo kwa kiganja kilichojaa chumvi. Dokta wa watu alikohoa, akacheka, akaomba radhi. Tangu hapo naye akasema Mzee Martini kama mtu mwenye adabu, ila mara moja akarekebisha: "Tena si mzee. Ni mama. Ana mtoto wa mwaka mmoja na nusu."

Akawaonyesha. Kwenye kile kioo kidogo cha kamera alionekana amekaa nyuma ya misonobari, juu kidogo ya malisho, mgongo umeegemea mti, mikono imelala tumboni. Mtoto kando yake. Walikuwa wamekaa hivyo saa nzima, Dokta alisema. Halafu masikio yakasimama, na Rafila akajua ni sufuria yake. Mtoto akataka kuinuka. Mama akamkandamiza chini kwa mkono mmoja. Mbwa wakapita bondeni, kok-kok-kok. Wa kwanza, wa pili, wa tatu. Alipopita wa saba, mama ndipo akainuka.

"Sasa angalieni Ijumaa," Dokta alisema.

Ijumaa mbwa mmoja, Grivei, alikuwa ameumwa tumbo akalala kibandani. Kwenye kioo sufuria iligongwa, mbwa wakapita sita, na mama akabaki amekaa. Akangoja. Akageuza kichwa kulia na kushoto, akangoja tena, mwisho akaondoka na mwanawe bila kugusa kondoo.

"Anahesabu," Toader alisema polepole.

"Sijui kama ni kuhesabu kama kwetu. Lakini anajua saba si sita."

Rafila alisogea karibu na moto. "Nani kamfundisha?"

Dokta alifikiri. "Kwanza njaa. Kondoo anakula majani, na majani hayajifichi, kwa hiyo kondoo hana haja ya kufikiri. Lakini huyu mwezi huu anakula asali, mwezi ujao kokwa, halafu samaki, halafu siafu, halafu mzoga. Lazima akumbuke wapi, lini, na nani analinda. Aliyesahau alikufa, aliyekumbuka alizaa, vizazi kwa vizazi. Hivyo ndivyo kichwa kinavyokua."

"Na baada ya njaa?"

"Baada ya njaa, ninyi. Msinikasirikie. Babu zenu walimuua yupi? Yule mjinga aliyekuja mchana mbele ya mlango, yule asiyewajali mbwa. Mwerevu alibaki msituni. Mmekuwa mkichuja hivyo miaka mia kwa mia, shangazi, kama unavyochuja jibini. Huyo mama ndiye aliyebaki kwenye kitambaa. Na bado mnamsomesha. Kila mnachomfanyia anakichukua na kwenda kukitumia."

Toader alitema mate motoni. Dokta aliahidi kupeleka maombi kwa wakubwa ili wamhamishe mnyama huyo, karatasi ambayo ingechukua wiki mbili, labda tatu. Kabla ya kushuka alimvuta Rafila pembeni. "Usigonge tena hiyo sufuria. Wapelekee mbwa chakula huko huko."

Rafila akafanya hivyo. Kila adhuhuri alijitwika ndoo ya maji ya maziwa hadi Uwanda wa Juu, mgongo ukimuuma, moyo umetulia. Siku mbili, hakuna kilichopotea. Sufuria ilikaa kwenye msumari wake wa nje bila kazi. Hakuiondoa. Ndilo kosa lake, na ni kosa la watu wa mlimani tu: sufuria ya mbwa haiingizwi ndani ya nyumba ya jibini, inaleta uchafu, mama yake alimfundisha hivyo na bibi yake kabla yake. Hata haikumpitia akilini kuiingiza.

Siku ya tatu uliingia ukungu. Si ukungu wa kuona kwa shida; ule ambao ukinyoosha mkono unauaga. Toader alikuwa ameshapanda. Rafila alikuwa amepiga magoti mbele ya pipa, mikono ndani ya maziwa hadi viwikoni, Pufu amelala miguuni, mlango umefungwa. Ndipo akasikia.

Tang.

Alidhani ni upepo. Hapakuwa na upepo.

Tang. Tang. Kisha tatu za haraka, ovyo ovyo, kama mtoto anayechezea.

Alitoa mikono kwenye maziwa. Akawaza Toader amerudi, lakini Toader hana mchezo huo. Kisha kutoka juu, ndani ya ukungu, akaisikia sauti nyingine: kok-kok-kok-kok. Mbwa wanateremka. Akawahesabu bila kutaka, kama alivyohesabu yule mama msituni. Saba.

Alitambaa hadi ukutani, akachungulia penye ufa kati ya magogo. Kwenye nguzo, hatua kumi kutoka mlangoni, kilisimama kitoto cha Mzee Martini kwa miguu yake miwili, kikiipiga sufuria kofi. Haikuwa na chakula. Ilikuwa kavu, imesuguliwa kwa majivu siku tatu zilizopita. Kilikuwa hakirambi, hakinusi. Kilipiga, kikageuza kichwa kusikiliza, kikapiga tena.

Kilikuwa peke yake. Rafila alitazama kushoto, akatazama kulia, na swali likamjia polepole: mama yake yuko wapi?

Alijua yuko wapi.

Nikuulize, wewe ungefanya nini? Mbwa walifika, wakakikurupusha kitoto, nacho kikapanda msonobari uliokatika kichwa. Mbwa wakauzunguka mti, wakaanza kubweka kwa furaha ya wapumbavu. Rafila alitoka nje. Aliwapiga mateke, akawavuta kwa vigogo vyao, "Nendeni juu, nendeni kwa Toader, mbwa ninyi mliolaaniwa," na hakuna aliyemsikiliza. Mbwa akishaona kitu mtini, huna mbwa tena. Alipaza sauti kumwita mumewe, ukungu ukaimeza. Kupanda mbio? Robo saa, tena umri wa miaka hamsini na minne. Angefika kuokota kofia.

Hapo ndipo alipokitazama kile kitoto. Kilikuwa kimeng'ang'ania tawi la kwanza, hakikupanda zaidi, macho yake madogo meusi yanamtazama. Wahenga walisema mchelea mwana kulia hulia mwenyewe. Hawakusema lolote juu ya mwana wa mwenzio.

Alichukua ule mti mrefu wa kukorogea sufuria kubwa, akautia ncha motoni hadi ukawa mwekundu, akatoka nao. Alikuwa akilia tayari. "Nisamehe," alimwambia, kisha akamchoma pajani.

Kililia. Nami niliyeishi huko miaka mingi nawaambia, kilio cha mtoto wa yule mnyama hakina tofauti na cha mtoto wa mtu. Matiti yalimsisimka Rafila, yeye ambaye mwisho wa kunyonyesha ilikuwa miaka ishirini na mitano nyuma. Alimchoma mara ya pili, kwa kuwa kilio cha kwanza kilikuwa kifupi. Mara ya tatu. Halafu akasikia mawe yakiporomoka huko juu, na matawi yakivunjika, kitu kizito kinashuka bila kujali kitasikiwa na nani. Aliutupa mti, akakimbilia ndani, akatia komeo.

Kwenye ufa alimwona akitoka ukunguni. Mbwa mmoja alirushwa kama kiatu, akainuka akilia na kukimbia. Sita waliobaki wakarudi nyuma, wakabweka kwa mbali. Mama alisimama chini ya msonobari, akakoroma kidogo, kwa upole kabisa, na kitoto kikateremka kinyumenyume. Alimlamba paja. Kisha akaenda pale ulipoanguka ule mti, akaunusa ncha yake, akaunusa upande wa mkono wa Rafila. Akainua kichwa na kuutazama mlango.

Aliutazama muda mrefu. Hakunguruma, hakuja. Rafila alitamani angurume. Mama yule alikuwa na sura ambayo Rafila aliwahi kuiona kwa binti yake alipokuwa darasa la kwanza, akitazama ubao, midomo imefumba, akijitahidi asikose neno. Kisha wakaondoka, mtoto akichechemea.

Baada ya muda usiopimika, Rafila alisikia tok, halafu mguu. Tok, halafu mguu. Alifungua, akamkumbatia Toader hadi fimbo ikaanguka.

"Nani aligonga sufuria?" Toader aliuliza. "Uliambiwa usigonge."

"Si mimi."

Alimweleza. Toader alikaa kwenye kigoda alichokalia Ilarie. "Alikuwa pale," alisema, "kama kutoka hapa hadi pipa. Kondoo walikimbia kushoto kwake, wengine walimpita karibu kumgusa, na hakuwaangalia hata mmoja. Alikuwa akiniangalia mguu, Rafila. Mguu huu. Niliinua shoka, akautazama mguu. Halafu kitu kikalia huku chini, akageuka."

Rafila akamimina palinka, wakanywa wote wawili.

Toader alijikongoja hadi kwenye lile jabali lenye mtandao wa simu, akawapigia watu wa kijijini. Jumamosi wangekuja wanaume sita kuwateremsha na kondoo. Aibu ya mchungaji wa kuku aliimeza bila hata maji ya kusukumia. Mpaka Jumamosi hawangekwenda malishoni. Kondoo wangekaa zizini, hatua hamsini kutoka kibandani, na Toader na mbwa wote wangekaa nao. Rafila aliingiza sufuria ndani. Mama yake amsamehe huko aliko.

Ijumaa asubuhi ukungu ulirudi. Toader alikuwa zizini akikamua. Rafila aliisikia sauti yake ikiwatukana kondoo kwa majina ya wakwe zake. Alikuwa akifungasha jibini kwenye magome ya msonobari, karibu atabasamu, aliposikia Pufu akilia nje, nyuma ya kibanda.

"Wewe, ulitoka saa ngapi?" alisema, akajipangusa mikono. "Naja, mwanangu." Akaenda mlangoni, akashika komeo, akaliinua nusu.

Mkono ukasimama.

Pufu akifungiwa nje huja mlangoni. Siku zote. Hulia huku akikwaruza mbao kwa kwato. Huyu hakuja mlangoni. Alilia mahali pamoja tu. Kisha akanyamaza kabisa, kama aliyezibwa. Rafila alishikilia pumzi, na kimya kikaendelea, kirefu, cha mtu anayesubiri kuona itakuwaje. Halafu Pufu akalia tena, safari hii kwa uchungu, kilio kifupi. Kisha cha pili kirefu zaidi. Kisha cha tatu.

Mara tatu. Kama yeye alivyofanya.

Alirudisha komeo taratibu, chuma kisisikike. Machozi yalimtoka bila sauti. Alikuwa amemlea kwa chupa, alikuwa akimpa kidole anyonye maziwa yalipokwisha, na sasa alisimama kando ya mlango akimsikiliza akimwita mama, naye hatoki. Angeweza kugonga sufuria, mbwa saba wangefika kabla hujahesabu kumi. Aliishika. Mwiko akaushika. Na hapo akaona: mbwa wakija huku, Toader atabaki peke yake zizini. Labda hicho ndicho kinachotakiwa. Au labda ni yeye anayetakiwa. Hakujua tena yupi kati yao ni chambo na yupi ni samaki.

"Rafila," Toader aliita kutoka ukunguni, kwa sauti ya kila siku. "Mfungulie huyo mwanao, ananipasua masikio."

Aliziba mdomo kwa kiganja, aliye nyuma ya kibanda asimsikie.

"Rafila? Haya, ngoja nikamchukue mwenyewe." Akawaambia mbwa, "Kaeni hapo, lindeni." Halafu akaisikia fimbo. Tok, halafu mguu. Tok, halafu mguu. Anakuja, anazunguka nyuma ya kibanda, kilema wake, na shoka amelitundika zizini kwa kuwa alikuwa akikamua.

"Toader, rudi," alipiga kelele.

"Nini tena? Ni kondoo tu."

"Mzee Martini," alisema, "Toader, Mzee Martini yuko hapa."

Fimbo haikusimama. Jina hilo walilitamka mara ishirini kwa siku. Walimtajia mtoto asiyetaka kulala, walilitania mezani, lilikuwa limeshachakaa kama sarafu. Tok, halafu mguu. "Mbona mbwa wametulia?" Toader alisema, bado anakuja.

Rafila alifungua mdomo. Miaka thelathini na moja ya ndoa, na hamsini na minne ya kuishi, hajawahi kulitamka jina lenyewe mlimani. Ukimtaja umemwita. Lakini mnyama alikuwa ameshafika, na aliyemwita ni Rafila mwenyewe, kwa moto na kwa kilio cha mtoto.

"Dubu," alisema. Halafu kwa sauti yote aliyokuwa nayo: "Dubu, Toader. Dubu."

Fimbo ikasimama. Kisha Toader akapiga mluzi wa vidole viwili, na vigogo saba vikaja mbio kok-kok-kok kuelekea alipo yeye, wala si kwenye sufuria. Nyuma ya kibanda kitu kizito kilishusha pumzi, kama mtu anayefunga daftari, na hatua zake zikaenda zikipotea msituni bila haraka yoyote.

Pufu walimkuta hai, mguu umevunjika. Ulivunjwa mara moja, kwa usafi, na mwili mzima hauna alama ya jino.

Hawakungoja Jumamosi. Waliteremka siku hiyo hiyo, kondoo mbele, mbwa wote saba wamefungwa kamba moja mkononi mwa Toader, Pufu mgongoni mwa Rafila ndani ya shali. Jibini waliliacha. Na sufuria Rafila aliitupa, aliivurumisha korongoni akasikia inavyogonga mawe hadi chini.

Walikuwa wamefika kwenye mto, mahali unapoanza kuona paa za kijiji, ukungu ukiwa umebaki juu. Toader alikuwa ameanza hata kutania, kwamba sasa watafuga kuku kweli. Ndipo ikasikika kutoka huko nyuma, mbali, ndogo.

Tang. Tang. Tang.

Mbwa wote saba walisimama na kugeuza vichwa, kamba ikakaza. Toader aliizungusha mkononi mara mbili, akaishika kwa nguvu zote. Rafila alitazama chini, akaona mguu wake mwenyewe nao umeshageuka kuelekea mlimani, na ikambidi auvute kwa mikono.